Haikuwa Kahawa

Babu yangu,

Ule mti haukuwa kahawa.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa usingenivumilia nizungukezunguke. Ungegonga daftari kwa kidole na kusema, "Karani, nisomee mstari wa mwisho kwanza, huko katikati tutafika." Basi huo ndio mstari wa mwisho. Haukuwa kahawa. Kaburi hawakulilima. Mama yako hajapotea.

Sasa naweza kurudi nyuma, na huko nyuma nina jambo la kukiri.

Nimekalia kigoda chako hapa mlangoni, Butihinda. Bibi hamruhusu mtu kukikalia, lakini leo nilipomwambia nakuandikia, alikileta mwenyewe, akakifuta kwa kanga. Akaniuliza naandika kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akasema vizuri, maana ukipelekewa Kifaransa utaanza kuhangaika kutafuta wa kukusomea, na wewe hupendi kuomba watu. Ndivyo anavyoongea Bibi siku hizi, kama vile umeenda sokoni Muyinga na gari limechelewa. Bado anapika bila chumvi. Uliyekatazwa chumvi ni wewe, Babu, lakini nyumba nzima tunaendelea na dozi yako na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Redio anayo Baba Mdogo Elia. Kuku yule mweupe uliyekuwa unamtukana ametotoa vifaranga tisa, sasa anatembea kama mke wa mkuu wa shule. Koti lako liko pale pale msumarini.

Na mimi bado siongei sana. Unajua ilivyokuwa tuliporudi Burundi. Kule Tanzania nilisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la nne na kila swali nilikuwa nanyoosha mkono. Hapa ubao ni Kifaransa, na Kirundi changu kinatoka kinywani kikiwa na Tanzania ndani yake. Nikisema sentensi moja darasa zima linageuka. "Sikilizeni, Mtanzania amesema." Hawana ubaya, wanacheka tu. Lakini nikajifunza kunyamaza, na nikawa hodari wa kunyamaza kuliko wa hesabu. Nakuomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma. Si kisingizio. Ndivyo ilivyokuwa.

Habari za ule mti ulianza kunielezea kabla sijajua kusoma. Wewe unamenya muhogo, mimi naokota maganda. Ulisema mama yako alikuwa mtu wa juu, wa Mugamba, kwenye baridi na ukungu unaolala mpaka saa nne asubuhi. Alipoolewa akashuka Ryansoro, na maisha yake yote akawa analalamika kwamba jua la Ryansoro lina makelele. Alipofariki ulikuwa mtoto. Baba yako akaondoka kwa miguu, akapanda mpaka kwenye msitu wa kwao mkewe, akarudi siku ya pili na mche mmoja tu, mizizi yake imeviringishwa kwenye yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya magogo. Akaupanda kaburini, chini kwenye kibonde, karibu na chemchemi, kwa sababu mti ule unataka kukanyaga maji. Mguuni pake akalaza jiwe la kusagia la mama. Hakuweka msalaba wala jina. Mti na jiwe, kazi imekwisha.

Halafu mlipokimbilia Tanzania, wewe kijana wa miaka kumi na tisa, hukupata hata muda wa kushuka kibondeni kuaga. Sikuwahi kukusikia ukililia shamba. Ulisema mara nyingi, na kila mara kwa sauti ile ile ya kawaida, kama mtu anayeagiza sabuni: "Nataka mtu afike pale, amwambie mama nimerudi. Basi."

Lakini jina la mti ulikuwa umelisahau. Ulikaa Tanzania miaka mingi mno, na jina likadondoka njiani, hukujua lini. Ndiyo maana ukanifanya karani. Tulipofika hapa ulinunua daftari la kurasa mia moja ukaniambia niandike utakachosema, usije ukasahau na mengine. Ninalo hapa. Ukurasa wa kwanza: majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Yanakaa mawili mawili yakitazamana, kama watu walionuniana halafu wakapatana. Maua meupe, madogo, kama nyota. Harufu yake inafika kabla macho hayajafika. Matunda yanaiva mekundu, ndege wanayamaliza.

Nikiusoma ukurasa huu leo naona kila neno lako ni kweli, na kila neno ni kahawa pia. Wewe hukuona hivyo. Hukuwahi kuufananisha na kahawa hata siku moja, nami nadhani najua kwa nini. Kwako haukufanana na kitu chochote. Ulikuwa mti wa mama.

Mwisho wa kiangazi miguu yako ilikuwa imevimba, huwezi safari. Ukatutuma Ryansoro, Baba Mdogo na mimi. Ulinifunga mwenyewe kamba za viatu, mtu wa miaka kumi na sita, na mimi nikaona aibu na nikaacha ufunge.

Gaspard ndiye anayelima pale sasa. Baba yake alikuwa jirani yenu, mlipoondoka akaendelea kupalima. Alitupokea kwa heshima, akatoa viti, lakini niliona macho yake. Mtu aliyetoka Tanzania akija kuuliza mahali alipozaliwa baba yake, mwenye shamba anaanza kukumbuka mipaka kichwani. Baba Mdogo akamwambia tunatafuta kaburi tu. Akatupeleka kibondeni. Kulikuwa na magugu mpaka kifuani, na katikati yake kichaka kimoja kirefu kuliko mtu, majani yanang'aa, na vitunda vichache vyekundu. Maua hakuna. Baba Mdogo akauliza huu ni mti gani.

Gaspard akasema ni kahawa. Kahawa ya zamani, dume, haizai kitu cha maana, na kabla ya mvua akipata nafasi atapasafisha pale apande magimbi.

Baba Mdogo akanigeukia. "Karani, ndio wenyewe?"

Babu, nilikuwa na swali. Nilikuwa nalo tayari, nimelipanga kwa Kirundi neno kwa neno: nilitaka kuuliza mti huu ukitoa maua, harufu yake inafika mpaka wapi. Lakini mabinti wawili wa Gaspard walikuwa wamesimama pale na madumu ya maji, rika langu, wanatazama viatu vyangu. Nikaona watakavyocheka nikifungua mdomo. Nikalimeza swali.

"Ni kahawa," nikasema.

Baba Mdogo naye amekulia Tanzania, kahawa kaifahamu hapa ukubwani. Aliniamini mimi, mwenye daftari. Tukaondoka. Kabla ya kuondoka nilikata kijiti kimoja chenye majani na vitunda, nikakibana kwenye daftari. Nimejiambia mara nyingi kwamba sijui kwa nini nilikikata. Najua. Sikuwa na hakika.

Na wewe ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa. Uliuliza kabla hatujavua viatu. "Mmeuona?"

Nikasema, "Ni kahawa tu, Babu."

Ukatazama mikono yako. Ukasema, "Basi walipalima." Ukaomba maji ya kunywa. Nilileta maji, ukanywa yote, ukanirudishia kikombe na kunishukuru. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena habari za daftari, na wiki ya tatu ukaondoka.

Lile neno "tu". Nalisikia nikiwa nafua, nikiwa natembea. Ningesema "sijui, Babu", ungenituma tena. Ungenirudisha hata mara kumi. Nilikuwa na neno "sijui" karibu kabisa, nikaona aibu kulitumia.

Sasa sikiliza ilivyofunguka. Mwalimu wetu wa biolojia ni mtu wa Makebuko, amekulia kwenye kahawa, hata akifundisha figo atapita kwenye kahawa kwanza. Alituagiza kila mmoja alete tawi la kahawa tuchore. Nilipofungua daftari nianze kuchora, kijiti chako kikaanguka sakafuni. Akakiokota. Akauliza nimetoa wapi kahawa hii iliyokauka. Nikainamia daftari. Akakizungusha vidoleni muda mrefu.

Akaloweka vitunda viwili kwenye kifuniko cha chupa mpaka vikalainika, akaniambia pasua. Babu, unajua kahawa ndani yake ilivyo, hata mtoto wa hapa anajua: mbegu mbili kubwa zimelaliana tumbo kwa tumbo. Changu hakikuwa hivyo. Ndani kulikuwa na vijimbegu vidogovidogo, hakuna hata kimoja mtu angehangaika kukikaanga. Akaweka matawi mawili pamoja juu ya meza. Akasema tazama matunda yanakotokea. Kahawa inayakumbatia kwenye shina, yamebanana hapo hapo penye majani. Haya ya kwako yananing'inia mbali, kila moja kwenye kijiti chake, na vijiti vyenyewe vinagawanyika kama vidole. Darasa lilipotoka nikamweleza, kwa Kiswahili, kilikotoka na nilivyokuambia.

Wiki iliyofuata alikuja na kitabu kizito alichoazima kwa rafiki yake wa mjini Gitega. Akanionyesha picha. Kichaka cha misitu ya milimani, kinapenda baridi na maji, maua meupe yenye harufu. Galiniera saxifraga. Ni ndugu wa kahawa, ukoo mmoja kabisa. Akasema zamani wataalamu waliwahi kukipa jina lenye maana ya kufanana na kahawa. Alisema hayo kwa Kifaransa, darasa zima likisikia, halafu akainama akaniongezea kwa Kiswahili, polepole: "Hata wao kiliwababaisha, binti. Usijichape sana."

Lakini mimi nilikuwa nasikia kitu kimoja tu. Gaspard alisema kabla ya mvua. Na mvua ilikuwa inanyesha nje ya dirisha.

Baba Mdogo alikataa. Alisema tukirudi mara ya pili hakuna atakayeamini tumefuata mti. Watasema tumekuja kupima shamba, tutapelekwa mbele ya wazee wa kilima kwa ajili ya kichaka. Hakuwa na kosa. Sikubishana naye, unanijua. Nilivaa viatu nikakaa mlangoni, asubuhi ya kwanza ya likizo fupi, na ya pili. Siku ya pili Bibi alipita na ndoo, akatutazama wote wawili, akasema, "Elia, huyu mtoto ana ukaidi wa baba yako. Mpeleke, nipate nafasi ya kufagia."

Tulipofika mjini Gitega, mwenye pikipiki alituuliza tunafuata nini Ryansoro. Baba Mdogo akasema mti. Yule kijana akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "We mzee, mti iko kila fasi. Mi nawaonyesha mti hapa hapa, bure."

Tulipofika ukingoni nikaangalia chini, na kibonde kilikuwa cheupe. Namaanisha wazi, kimesafishwa. Udongo mweusi, magimbi yamepandwa kwa mistari, chemchemi inaonekana mpaka mwisho. Hakuna kichaka. Sikulia. Baba Mdogo alinipokea mfuko, kama vile mfuko ndio uliokuwa mzito.

Halafu harufu ikaja.

Harufu inafika kabla macho hayajafika. Nimeiandika kwa mkono wangu, ukurasa wa kwanza, na bado sikuelewa mpaka ilipokuja. Si kali. Ni kama mtu aliyeoga amepita nyuma yako. Nikashuka nikiteleza, nikaifuata mpaka karibu na maji, na pale palikuwa na kisiki. Kimekatwa kwenye usawa wa goti, mshazari, safi, na pembeni yake vichipukizi. Tawi moja lilikuwa limeachwa, limeinamia chemchemi. Lilikuwa limejaa maua. Meupe, Babu. Madogo. Kila moja kwenye kijiti chake.

Gaspard alishuka na jembe begani. Akauliza, bila ukali ila bila tabasamu, tunatafuta nini tena. Mabinti zake walikuja nyuma yake, wale wale. Baba Mdogo akafungua mdomo, nikamtangulia.

Niliongea kwa Kirundi. Kirundi changu hiki. Nilisema hatutaki shamba, hata mstari mmoja wa magimbi. Nilisema chini ya kisiki hiki amelala mama wa babu yangu, kwamba huu mti ulitolewa msituni juu kwa ajili yake, kwamba babu yangu ameufikiria maisha yake yote, na kwamba mimi nilikuja hapa nikaona aibu kuuliza, nikamwambia ni kahawa, na amekufa akiamini hivyo. Yote hayo kwa pumzi moja. Hakuna aliyecheka. Au labda walicheka, sikusikia.

Gaspard akaketi taratibu kwenye jiwe lililokuwa pale. Nikatazama jiwe. Katikati lilikuwa limebonyea, kama yanavyobonyea yaliyosagiwa miaka. Ikabidi nimwombe mtu mzima asimame. Akasimama haraka kama ameketi kwenye moto, akavua kofia. Akasema mkewe hulipumzikia kila akitoka kuchota, naye hulinolea panga, na hata siku ya kukata mti huu alilinolea hapo.

Nikamwuliza kwa nini hakuung'oa. Akashangaa swali. Akasema baba yake alimkanya tangu utotoni, kwa sababu zamani mtu aking'oa kahawa alikuwa anaadhibiwa, na yule mzee mpaka anakufa aliogopa hata mche uliokauka. "Kahawa haing'olewi," alimwambia, "hata ikiwa dume." Kwa hiyo alipokuwa anasafisha aliufanyia vile wanavyofanyia kahawa iliyozeeka: unaikata kwenye goti ichipue upya, unaacha tawi moja livute maji, shina lisife. Ndivyo mikono yake ilivyozoea.

"Ningejua si kahawa," akasema, "ningeung'oa siku hiyo hiyo." Akautazama mti, kisha mimi. "Basi tusiuambie. Umeishi kwa jina hilo miaka yote."

Baba Mdogo alicheka, halafu akageuka kutazama magimbi kwa muda.

Sijui niseme nini kuhusu hilo, Babu. Kosa lao liliuhifadhi mti. Kosa langu lilikunyima usingizi wa mwisho. Watu wananiambia basi yamelingana. Hayajalingana. Wewe uliomba maji ukanishukuru. Sitalificha hilo chini ya maua.

Lakini ujumbe wako nimeufikisha. Nilichuchumaa nikamwambia. Nilitaja jina lako la ubatizo na lile alilokupa yeye. Nikamwambia ulirudi, uko Butihinda, ni mbali kidogo, na kwamba jua la huku pia lina makelele. Binti mdogo wa Gaspard akamnong'oneza dada yake, "Anaongea na nani?" Yule mkubwa akamjibu, "Na bibi yake. Nyamaza, asije akakosea." Nilipomaliza, yule mkubwa akalimwagia jiwe maji, akalipangusa kwa kiganja. Gaspard akasema hapo hatapanda kitu, na panga atalitafutia jiwe jingine la kunolea.

Sikuleta mche huku kwetu. Ungeniuliza wewe mwenyewe: kwenye joto hili utaukanyagisha maji gani? Ubaki kwenye baridi yake.

Basi nenda vizuri, Babu yangu, wala usigeuke nyuma kwa wasiwasi. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza, nitapanda kwenda Ryansoro kabla maua hayajadondoka, nimsalimie kwa niaba yako, na nikifika mahali nisipojua nitasema sijui. Nimeanza. Juzi mwalimu aliuliza nani anaweza kuyatofautisha yale matawi mawili, nikanyoosha mkono. Waligeuka wote. Niliendelea mpaka mwisho.

Na habari ya chumvi, Bibi nitamwambia mimi, leo jioni.

Ua moja nililiomba kwa Gaspard, limekauka kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya maneno yako. Chini yake nimejibu swali ambalo Baba Mdogo aliniuliza siku ile kibondeni. Nimeandika kwa kalamu ya wino, isifutike: Ndio wenyewe.

Ni mimi,
Karani wako